Hivi kwa nini magharibi mwa Kenya kila nyumba ina Wycliffe? Si jina la ukoo la Kiingereza hili?

#1 Mpangaji wa Sinza
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanitatiza tangu nianze biashara ya mahindi na watu wa Busia na Bungoma. Kwenye simu yangu nina Wycliffe wa lori, Wycliffe wa magunia, Wycliffe fundi, na Wycliffe mwingine ambaye hata sikumbuki tulijuana wapi. Huku kwetu Bongo jina hilo hulisikii, labda ukae na watu waliosoma historia ya kanisa.

Angalieni hata wakubwa wao. Musalia Mudavadi jina lake la kwanza ni Wycliffe. Oparanya aliyekuwa gavana wa Kakamega, Wycliffe. Wangamati aliyekuwa gavana wa Bungoma, Wycliffe. Kuanzia 2017 hadi 2022 kaunti mbili zinazopakana ziliongozwa na wajina.

Ninavyofahamu, Wycliffe ni jina la ukoo la Mwingereza wa karne ya 14, John Wycliffe, yule wa Biblia. Na ukoo wenyewe ulilipata kutoka kijiji kimoja cha Yorkshire, kando ya mto Tees. Kijiji cha Yorkshire kimefikaje Webuye hadi kikawa jina la kila kijana? Wajuvi tupieni maarifa.

#2 Kiti cha Mbele
Nimewahi siti. Wenye jina lao waje wajieleze.

#3 Omundu wa Malava
Mulembe. Wycliffe wa kwanza nimefika.

Mimi Wycliffe, kakangu wa kambo Wycliffe, na mjomba aliyenifunza baiskeli naye ni Wycliffe. Nyumbani tunatofautishwa kwa majina ya kienyeji, ukiita "Wycliffe" uani wanageuka watu watatu na mbwa.

Jibu lako ni rahisi. Wamisheni wa dhehebu la Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902, wakabatiza watu kwa majina ya mashujaa wao wa dini. Kesi imefungwa.

#4 Mhasibu Mstaafu
Mkuu #3, kesi haijafungwa, hata jalada halijafunguliwa. Quaker habatizi kwa maji. Hana ubatizo wala meza ya Bwana kama makanisa mengine, ni msimamo wao tangu enzi za mwanzilishi wao George Fox. Kwa hiyo hao wa Kaimosi hawakumbatiza mtu yeyote jina lolote.

Halafu walikuwa Wamarekani: Hotchkiss, Chilson na Hole. Kama wangetaka kugawa majina ya mashujaa wao, leo mngekuwa na akina Fox Wekesa na Penn Barasa. Wako wapi?

#5 Binti Kyela
Hahaha #3 umeingia choo cha kike.

#6 Omundu wa Malava
#4 nakusikia mzee wangu. Hakuna maji, sawa. Lakini shule zilikuwepo. Mtoto akifika na "Wafula" peke yake, mwalimu anamuuliza "jina lako la Kikristo ni lipi?" Asipokuwa nalo, analipata hapo hapo, linaandikwa kwenye rejista, na jioni anarudi nyumbani ni mtu mwingine. Babu yangu alilipata hivyo hivyo jina lake, Wellington. Wala hakuwa na habari za vita ya Waterloo.

#7 Samia Asilia
Ninyi watu wa Kaimosi mnajipa sifa zote. Kwetu Samia na Nambale hakukuwa na Quaker, kulikuwa na Waanglikana wa CMS, lile shirika la wamisheni la Uingereza, na akina Wycliffe walikuwepo mapema.

Mfano uko wazi: W.W.W. Awori, mwanasiasa na mhariri wa magazeti wa miaka ya 1940, baadaye mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria miaka ya 1950. Hiyo W ya kwanza ni Wycliffe. Baba yake alikuwa Canon Jeremiah Awori, kasisi wa Kianglikana. Kasisi anajua anachokifanya anapomwita mwanawe Wycliffe, hakupewa na mwalimu wa zamu.

Na angalia ndugu zake: Moody Awori, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya, na Aggrey Awori, aliyekuwa waziri kule Uganda. Aggrey nalo lilikuwa jina la ukoo, la Dk. James Aggrey wa Gold Coast. Alipita Afrika Mashariki mwaka 1924 na tume ya elimu ya Phelps-Stokes, akaacha nyuma yake akina Aggrey kila shule. Yule mzee alikuwa anatoa majina ya ukoo ya watu wenye habari zao.

#8 Mtani wa Jinja
Samia ameanza kusema ukweli lakini ameishia njiani. Ingieni Uganda basi.

CMS waliingia Buganda 1877. Hadi 1902 hiyo nchi yenu ya magharibi ilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda, si Kenya. Hata baada ya mpaka kuhamishwa, Waanglikana wa huko waliendelea kuwa chini ya dayosisi ya Uganda mpaka 1921. J.J. Willis aliyeanza kazi Maseno 1906 ndiye aliyekuja kuwa Askofu wa Uganda 1912. Kanisa moja, vitabu vimoja, walimu wanavuka huku na huku.

Na sisi akina Wycliffe tunao. Wycliffe Kiyingi, baba wa tamthilia za Kiganda, alianzisha kundi lake la maigizo miaka ya 1950. Kwa hiyo jina limetoka kwetu, mmelibeba na matoke.

#9 Omundu wa Malava
Kila kitu kizuri cha Waluhya Waganda wanasema kimetoka kwao. Mkiulizwa kuhusu ndizi tutakubali, kuhusu Wycliffe hapana.

#10 Mnoma wa Huruma
Wasee mnajisumbua na historia. Angalieni herufi za mwanzo. Majina ya kiume ya Wabukusu, wale Waluhya wa Bungoma, mengi yanaanza na W: Wafula, Wanjala, Wekesa, Wanyonyi, Waswa, Wamalwa. Mzazi anatafuta jina la Kizungu la kuendana nalo. Wycliffe Wafula Wangamati. W.W.W. Awori mwenyewe. Inaskika poa, basi. Jina ni mdundo.

#11 Binti Kyela
#10 hii nimeipenda kuliko zote. Na ndiyo maana wana akina Wilson, Wellington, Wilberforce, William, Winston. Kama kuna jina la W huko Uingereza ambalo halijafika Bungoma litakuwa limekosa nauli.

#12 Mhasibu Mstaafu
Mdundo hauelezi Wycliffe Musalia Mudavadi wala Wycliffe Ambetsa Oparanya. Mmoja Mmaragoli, mwingine kutoka Butere. Wafula ni Wabukusu, na Waluhya si Wabukusu peke yao.

#13 Mnoma wa Huruma
Buda hao waliiga. Fashoni huanza mahali.

#14 Chaki na Ubao
Naomba niwakumbushe huyo John Wycliffe alikuwa nani, maana naona jina linarushwa tu.

Alikuwa padri na mwalimu wa Oxford, aliwahi kuwa mkuu wa chuo cha Balliol, na kuanzia 1374 akawa paroko wa Lutterworth. Alishambulia mali za kanisa, akapinga mamlaka ya Papa, na akafundisha kwamba mtu wa kawaida anafaa kusoma Maandiko kwa lugha yake. Biblia ya Kiingereza iliyopewa jina lake ilianza kusambaa miaka ya 1380, ikiwa imenakiliwa kwa mkono, maana mashine ya chapa haikuwepo. Ilitafsiriwa kutoka Kilatini, si kutoka Kiebrania na Kigiriki. Wanazuoni wengi wanaona kazi kubwa ya kalamu ilifanywa na wafuasi wake.

Alipatwa na kiharusi akiwa kwenye misa, akafariki tarehe 31 Desemba 1384, kwa amani kitandani mwake. Amani ikaishia hapo. Mwaka 1415 Mtaguso wa Constance, yaani baraza kuu la kanisa, ukamtangaza mzushi, na mwaka 1428 kaburi likafukuliwa, mifupa ikachomwa moto, majivu yakatupwa katika mto Swift.

Sasa fikiria mchungaji wa Kiprotestanti wa mwaka 1920 anasimulia kisa hicho darasani. Wavulana wanasikia kuna mtu aliyepigania watu wasome Biblia kwa lugha yao, wakubwa wakamchukia hata akiwa mfupa. Na wakati huo huo pale Vihiga, Emory Rees na Joel Litu wanatafsiri Agano Jipya kwa Kilogooli, lugha ya Wamaragoli, lililotoka 1925. Mtu ana Agano la lugha ya mama yake mkononi, likiwa bado linanuka wino, halafu anapata mtoto wa kiume. Mimi sioni ajabu kabisa.

#15 Kiti cha Mbele
Mwalimu umetisha. Yaani walisubiri miaka 44 ndipo wakamchoma. Hiyo ni chuki ya ukoo.

#16 Ndugu Mwenyekiti
Nilivyofundishwa Sunday school, Wycliffe alichomwa akiwa hai.

#17 Chaki na Ubao
#16 hao ni wengine. Aliyechomwa hai mwaka 1415 ni Jan Hus wa Bohemia, aliyefuata mafundisho ya Wycliffe, na mtaguso ni ule ule. Tyndale alinyongwa kwanza, ndipo mwili ukachomwa, mwaka 1536 karibu na Brussels.

#18 Mhasibu Mstaafu
Hapo hapo kwa Tyndale ndipo nadharia yako inaponipa shida, mwalimu. Kama ni mapenzi ya tafsiri, Tyndale ndiye aliyetafsiri kutoka Kigiriki na Kiebrania, na Biblia ya King James imejaa maneno yake. Alikufa kifo cha shahidi kabisa. Mbona sijawahi kukutana na Tyndale Wekesa?

Na sogea karibu zaidi. Krapf alifika Mombasa 1844, akazika mke na mtoto, akaanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili chetu hiki. Askofu Steere akafanya kazi kubwa Unguja. Rees unayemsifu alikaa Vihiga na watu aliowatafsiria. Hakuna Krapf Barasa, hakuna Steere Simiyu. Mtu wa mwaka 1384 ambaye hakujua hata kama kuna Ziwa Victoria ndiye mwenye wajina wengi. Nieleze.

#19 Mnoma wa Huruma
Jaribu kuita mtoto "Krapf" ukiwa mbali jioni. Hautaskika.

#20 Binti Kyela
😂😂 #19 umemaliza uzi.

#21 Samia Asilia
#18 si kweli kwamba wamisheni wa karibu hawakupata wajina. Owen! Archdeacon W.E. Owen alikaa Nyanza miaka mingi, akawatetea Waafrika kwenye mambo ya kodi na kazi ya kulazimishwa, masetla wakamwita Archdemon. Akina Owen wamejaa kwa Wajaluo na kwetu. Na Hannington je? Askofu James Hannington alipita kwa Mumia, mfalme wa Wanga, mwaka 1885, akauawa Busoga mwaka huo huo. Akina Hannington wapo Uganda na Kenya mpaka leo. Hilo nalo ni jina la ukoo la Mwingereza, watu wakaligeuza la kwanza.

#22 Mama Mukumu
Jamani mnazunguka mbuyu. Sisi Wakatoliki tunayo kanuni: ukisikia mtu anaitwa Wycliffe, jua baba yake si Mkatoliki.

Mapadri wa Mill Hill walikuja Mumias 1904 na Mukumu 1906. Kwao jina lilikuwa la mtakatifu au hakuna jina. Ndiyo maana sisi tuko akina Boniface, Ignatius, Cleophas, Pius. Wa upande wa pili wakachukua Wycliffe, Luther, Calvin, Wesley. Kwetu shuleni ulijua nani anakwenda kanisa gani kabla hajafungua mdomo. Jina lilikuwa jezi.

Kwa hiyo Wycliffe hakupendwa kwa sababu ya Biblia peke yake. Alipendwa kwa sababu padri hawezi kumpenda.

#23 Fundi Rejeta
Mama #22 shikamoo, lakini mimi hapa ni Wycliffe na nimebatizwa Mukumu hiyo hiyo.

Mzee alikuwa amekwisha kuniandikisha Wycliffe kwenye cheti, kwa heshima ya rafiki yake aliyemkopesha ng'ombe wa mahari. Siku ya ubatizo padri akauliza jina, mzee akasema Wycliffe. Padri akanyamaza kidogo, akauliza tena. Mzee akarudia. Padri akamwambia, "Huyu tutamwita Athanasius." Kanisani mimi ni Athanasius, kwenye kitambulisho Wycliffe, nyumbani Shikuku. Watu wa mkopo wakija nachagua nani hayupo.

#24 Mama Mukumu
Marahaba mwanangu. Umeona? Padri alikataa. Kanuni yangu iko pale pale.

#25 Ndugu Mwenyekiti
Mimi naona mnasahau jambo lililo wazi. Kuna lile shirika la watafsiri wa Biblia, Wycliffe, lina wafanyakazi dunia nzima. Walipita vijijini, watu wakaokota jina.

#26 Mtani wa Jinja
Shirika hilo lilianzishwa Marekani 1942. Kiyingi na Awori walikuwa na jina hilo kabla shirika halijazaliwa. Jaribu nyingine, Mwenyekiti.

#27 Ndugu Mwenyekiti
Sikusema ndiyo chanzo, nimesema lilisaidia.

#28 Msafiri wa Minnesota
Salamu kutoka kwenye baridi. Mimi ni Wycliffe wa Vihiga, niko huku mwaka wa kumi na kitu. Niwape upande ambao ninyi mlioko nyumbani hamuuoni.

Huku hakuna anayeamini kwamba Wycliffe ni jina langu la kwanza. Fomu inasema jina la kwanza na jina la mwisho, mimi najaza vizuri kabisa, karani anaangalia, anaona Wycliffe na jina la Kiluhya, anaamua nimekosea, ananigeuza. Nikiwa kliniki nimeketi pale naita "niko hapa", wao wanatafuta faili kwenye W. Lilikuwa kwenye herufi nyingine siku zote. Dawa za mgonjwa mwingine ziliwahi kukaribia kupewa mimi kwa sababu hiyo, na nesi aliponiomba radhi alisema, "Tulidhani ni jina la familia." Nikamwambia ni jina la familia kweli, ila si familia yangu.

Lakini wapo wachache wenye jina hilo kama jina la kwanza. Wycliffe Gordon mpiga trombone wa jazz ni Mmarekani mweusi. Wyc Grousbeck, aliyeongoza kundi lililonunua timu ya Boston Celtics mwaka 2002, hiyo Wyc ni Wycliffe. Na mwanamuziki Wyclef Jean wa Haiti, baba yake alikuwa mchungaji, akampa jina la huyo huyo John. Haiti hawakutawaliwa na Mwingereza, na CMS ya Uganda haikufika huko. Kwa hiyo Mtani wa Jinja punguza kidogo.

#29 Kiti cha Mbele
Kumbe Wyclef ni Wycliffe! Miaka yote hii nilidhani ni jina la kisanii.

#30 Chaki na Ubao
#28 ametupa hoja nzito. Haiti, Jamaika, Wamarekani Weusi, Uganda, magharibi mwa Kenya. Kinachoziunganisha ni mchungaji wa Kiprotestanti mwenye watoto. Jamaika kulikuwa na Wycliffe "Steely" Johnson, mpiga kinanda wa reggae. Kwa Waingereza wenyewe jina hili halikuwahi kuwa la kawaida kama jina la kwanza. Wao wanalo kwenye majengo: Wycliffe Hall ya Oxford, 1877, chuo cha makasisi wa Kianglikana wa mrengo wa kiinjili. Toronto nao wana Wycliffe College, mwaka huo huo. Makasisi wa mrengo huo ndio waliokuwa wakija na CMS.

#31 Mpangaji wa Sinza
Wakuu nawashukuru, nasoma kila kitu. Swali la nyongeza: hapa kwetu Tanzania mbona tunao akina Livingstone, hata bungeni tulikuwa na Livingstone Lusinde wa Dodoma, akina Stanley, Nelson, Jackson na Dickson, lakini Wycliffe hakufika? CMS walikuwa Dodoma pia, Mvumi na Mpwapwa.

#32 Mhasibu Mstaafu
Livingstone ni Mskoti, usimtie kwenye kapu la Waingereza, atafufuka. Na Stanley alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands. Hilo Stanley alilichukua ukubwani Marekani. Kwa hiyo mnawaita watoto jina ambalo hata mwenyewe aliliazima.

#33 Binti Kyela
Kwetu Kyela walikuja Wajerumani, Wamoravian na Walutheri. Ndiyo maana mnakuta akina Gotfrid, Wilhelm, Helmut na Ambakisye. Wycliffe angepitia wapi? Tanganyika ilianza na Mjerumani. Akina Nelson na Jackson wamekuja baadaye, na magazeti na redio.

#34 Ndugu Mwenyekiti
Msisahau Wilberforce. Magharibi mwa Kenya na Uganda wamejaa. Huyo alikomesha utumwa Zanzibar kwa hiyo ni haki yake.

#35 Mwana wa Malindi Unguja
Mwenyekiti, astaghfirullah. Wilberforce hakutia mguu Unguja. Huyo alikuwa mbunge wa Uingereza. Sheria ya 1807 aliyoipigania ilipiga marufuku biashara ya watumwa katika dola ya Uingereza, haikuwafungua waliokwisha kuwa watumwa. Sheria ya kufungua ilipitishwa 1833, yeye akafariki Julai ya mwaka huo, kabla haijakamilika. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash, Wilberforce akiwa kaburini miaka 40. Na hata hapo utumwa wenyewe Unguja uliendelea kisheria hadi 1897, na pwani ya Kenya hadi 1907.

#36 Mtani wa Jinja
Wilberforce huyo hapana mtu wa kutunyang'anya. Makamu wa kwanza wa Rais wa Uganda, Nadiope, aliyekuwa Kyabazinga, yaani mtawala wa Busoga, aliitwa William Wilberforce, yaani jina zima la Mzungu lilichukuliwa, la kwanza na la ukoo pamoja. Hatukutaka kubakiza kitu.

#37 Omundu wa Malava
Na Wilberforce Talel alishinda dhahabu ya mita 10,000 michezo ya Jumuiya ya Madola, Manchester 2002. Mkalenjin huyo.

#38 Mnoma wa Huruma
Ukiingia kwa wanariadha basi hata Wycliffe si wa Waluhya tena. Wycliffe Kinyamal, mita 800, dhahabu Jumuiya ya Madola 2018 na tena 2022. Mmaasai. Sasa hiyo nadharia ya Kaimosi na ya Mukumu mtaipeleka wapi?

#39 Mama Mukumu
Kanuni yangu haikusema Mluhya. Ilisema si Mkatoliki.

#40 Fundi Rejeta
Naomba msaada mwenye kujua sheria. Cheti cha kuzaliwa kinasema Wycliffe, cheti cha shule Wyckliff, kitambulisho Wycliff bila e, na leseni wameandika Wyclife, f moja. Ofisi moja inataka niapishwe kwamba hawa wanne ni mtu mmoja. Nyingine inasema kiapo hakitoshi, nibadilishe jina kisheria. Nibadilishe kwenda kwa yupi kati yao?

#41 Msafiri wa Minnesota
Fuata cheti cha kuzaliwa, vingine vyote virekebishwe kukifuata hicho. Usifanye kinyume, utajuta ukitaka pasipoti. Na usiseme huko ofisini eti kuna wa tano anaitwa Athanasius.

#42 Chaki na Ubao
Fundi usijilaumu. Hata mwenye jina hakuwa na tahajia moja. Maandishi ya zamani yana Wyclif, Wiclif, Wycliffe, Wickliffe. Wanaochapisha maandishi yake ya Kilatini tangu 1882 wanaandika Wyclif. Ungekuwa Oxford ungekuwa sahihi mara nne.

#43 Bibi wa Lugari
Mimi nimefika nikiwa nimechelewa, wajukuu wamenisomea. Nyumbani kwetu hakuna aliyetaja Oxford. Mama alikuwa anamwita mdogo wangu Waikilifu. Alipewa jina hilo kwa sababu kulikuwa na mwalimu Waikilifu ambaye alikuwa na viatu na baiskeli ya Raleigh, na alikuwa akimsalimia mama kwa adabu. Mama akasema mwanangu naye awe hivyo. Huyo mwalimu alilipata wapi, mama hakuuliza.

#44 Mhasibu Mstaafu
Bibi shikamoo. Hii ya Bibi inavunja nusu ya uzi. Wa kwanza huenda alipewa kwa ajili ya Biblia, wa pili akapewa kwa ajili ya wa kwanza, na kuanzia hapo hakuna tena John wala Lutterworth.

#45 Chaki na Ubao
Haivunji, inaeleza namna lilivyosambaa. Haielezi kwa nini mwalimu wa kwanza alikuwa Wycliffe na si Tyndale. Mzee Moses Mudavadi alikuwa mtu wa elimu kabla ya siasa. Alipomwita mwanawe Wycliffe mwaka 1960 sidhani alikuwa anatazama baiskeli ya mtu.

#46 Mnoma wa Huruma
Na nani alikuambia watu wa elimu hawatazami baiskeli?

#47 Binti Kyela
Siku hizi nasikia hata huko ni akina Jayden na Liam. Liam wa Kitale, Jayden wa Mbale.

#48 Omundu wa Malava
Ni kweli, hospitalini ukitaja Wycliffe nesi anajua baba wa mtoto amezaliwa kabla ya 1985. Mke wangu amekataa katakata, anasema nyumba haiwezi kuwa na Wycliffe wanne. Tumekubaliana Wilberforce.

#49 Mwana wa Malindi Unguja
Basi mtoto akiuliza utumwa ulikomeshwa lini, usimpeleke kwa Mwenyekiti.

#50 Samia Asilia
Jumapili nakutana na mchungaji mstaafu wa kwetu, amepita miaka 90, na alimfahamu Canon Awori uso kwa uso. Nitamuuliza moja kwa moja. Mwenye swali la ziada aliweke hapa kabla ya Jumamosi.

#51 Mama Mukumu
Muulize kama kuna Wycliffe yeyote aliyemwona akipokelewa na padri bila kubadilishwa jina.

#52 Mnoma wa Huruma
Na umuulize kuhusu Wellington, babu ya #6 amesahauliwa.